Maburungutu 11 yaliyorudishwa: uchambuzi wa kisa cha kundi dogo la kondoo wa sufu

Mfugaji anayehusika katika kisa hiki ana kundi dogo la kondoo wa sufu, na sufu ya mwaka mzima aliiuza kwa mara moja kwa kikundi cha wasokotaji wa mkono, yaani watu wanaonunua sufu mbichi, wakaiosha, wakaichana na kuisokota wenyewe kuwa uzi. Aliwapelekea maburungutu 16, kila burungutu likiwa ni sufu yote ya kondoo mmoja iliyokunjwa pamoja baada ya kukatwa. Wasokotaji waliyafungua, wakabaki na 5 na kurudisha 11 pamoja na maelezo mafupi: sufu inakatika, ina takataka nyingi, na sehemu nyingine inakwaruza. Mfugaji alilishika lalamiko la mwisho kuliko mengine. Alihitimisha kwamba mbegu ya kundi lake ni duni, na alipokuja kuomba ushauri alikuwa tayari ameanza kuweka akiba ya kununua dume wa Merino, aina ya kondoo wenye sufu laini sana.

Swali alilokuja nalo lilikuwa moja tu: anunue dume yupi? Uchambuzi huu unaonyesha kwamba dume aliyekuwapo hakuhusika, na kwamba karibu yote yaliyoiharibu sufu ile yalitokea horini, katika kalenda ya kuzaa na juu ya meza ya kukunjia. Kununua dume mpya kungeyaacha yote matatu yalivyo.

Kondoo waliokatwa sufu walikuwa majike 10, maksai (yaani madume waliohasiwa) 4 na wachanga 2 waliokuwa wakikatwa kwa mara ya kwanza. Asili yao ni Corriedale, aina iliyozalishwa New Zealand na Australia mwishoni mwa karne ya 19 kwa kupandisha Merino na Lincoln, ambayo unene wa nyuzi zake kwa kawaida huwa kati ya mikroni 25 na 31 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Ingawa kuna sufu laini kuliko hiyo, wasokotaji wa mkono huipenda kwa sababu ina mashungi marefu, yaani vifungu vya nyuzi zilizoota pamoja, mikunjo inayoonekana wazi na mafuta ya kiasi, kwa hiyo haielekei kuteleza wala kugandamana mikononi. Baba wa maksai wote na wa majike walio wengi alikuwa dume mmoja.

Kabla ya kuligusa suala la mbegu, maburungutu 11 yaliyorudishwa yalifunguliwa upya juu ya meza, na kila moja likalinganishwa na daftari la mfugaji. Daftari hilo ndilo lililowezesha kazi yote. Wafugaji wengi wa makundi madogo huamini kwamba kondoo wachache wanatosha kukumbukwa kichwani. Huyu alikuwa ameandika tarehe za kuzaa, idadi ya wanakondoo na magonjwa, na kila burungutu alilifunga pamoja na kijikaratasi chenye namba ya sikio la kondoo. Ulinganisho ulionyesha jambo mapema sana. Maburungutu 5 yaliyokubaliwa yalikuwa ya maksai wote 4 na ya jike mmoja ambaye hakushika mimba mwaka ule. Majike wote 9 waliozaa walikataliwa, pamoja na wale wachanga 2.

Ushahidi huo peke yake ulitosha kuitilia shaka hoja ya mbegu, kwa kuwa maksai waliokubaliwa ni ndugu wa baba mmoja na majike waliokataliwa. Haukutosha, hata hivyo, kuithibitisha sababu nyingine yoyote, kwani maksai walitofautiana na majike kwa zaidi ya jambo moja. Ni kweli kwamba hawakuzaa, lakini pia walikaa malishoni pamoja na dume kwa sehemu kubwa ya mwaka, ilhali majike walikuwa bandani wakila nyasi kavu kutoka kwenye hori lililoning'inizwa juu ya vichwa vyao. Aliyeyatenganisha mambo haya mawili ni yule jike asiyeshika mimba, kwa sababu yeye alikula pamoja na wenzake katika hori lile lile. Shingo yake ilikuwa imejaa takataka sawa na zao, lakini mashungi yake hayakukatika, na wasokotaji waliikubali sufu yake baada ya kuiondoa sehemu ya shingo. Kulikuwa basi na matatizo mawili yaliyochanganyika katika lalamiko moja: kukatika kulifuata uzazi, na takataka zilifuata hori. Mkwaruzo ulikuwa tatizo la tatu lenye chanzo chake.

Kukatika kwa mashungi

Namna ya kuipima sufu kwa mkono ni rahisi na haihitaji kifaa. Huchukuliwa shungi jembamba, upana wa penseli hivi, likashikwa ncha kwa mkono mmoja na upande uliokatwa kwa mkono wa pili, kisha likavutwa kwa ghafla karibu na sikio. Shungi imara hutoa mlio mkali na kubaki zima. Shungi dhaifu husikika likipasuka unyuzi mmoja mmoja, au hukatika kabisa na kuacha vipande viwili. Katika biashara kubwa ya sufu kipimo hicho hufanywa kwa mashine na kuandikwa kwa nyutoni kwa kila kiloteksi, yaani nguvu ya kulikata shungi ikilinganishwa na unene wake, na shungi linalofikia 30 na zaidi huhesabiwa kuwa imara. Kwa kundi la kondoo 16 mkono na sikio vinatosha.

Majike wanne waliozaa mapacha walikuwa na mashungi yaliyokatika mara moja, bila kubishana. Kati ya watano waliozaa mwanakondoo mmoja mmoja, watatu walikuwa na mashungi yaliyopasuka kwa kuvutwa sana, na wawili walikuwa imara, nao walikataliwa kwa takataka tu. Jike mmoja alikuwa na sehemu mbili dhaifu badala ya moja: ile ya wenzake, na nyingine karibu zaidi na upande uliokatwa. Daftari lilionyesha kwamba aliugua kwato kwa muda mrefu, akapata homa na kukosa hamu ya kula, miezi michache baada ya kuzaa.

Ilipopimwa kwa rula, sehemu dhaifu ilipatikana mahali pale pale kwa karibu wote: sentimita 4 hivi kutoka upande uliokatwa, katika shungi lenye urefu wa sentimita 10 na nusu. Sufu ya shungi husomeka kama daftari linaloandikwa kuanzia juu, kwa kuwa ncha ndiyo iliyoota kwanza baada ya kukatwa kwa mwaka uliotangulia, na upande wa ngozi ndio wa siku za mwisho. Sentimita 10 na nusu kwa miezi 12 ni chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, na kwa hesabu hiyo sentimita 4 zinarudi nyuma takriban miezi minne na nusu. Hesabu hii si ya kuaminiwa kwa siku, kwa sababu sufu haioti kwa mwendo ule ule mwaka mzima, na hasa hupunguza mwendo wakati wa dhiki. Hata hivyo, tarehe za kuzaa zilizoandikwa zote ziliangukia kati ya miezi minne na mitano kabla ya siku ya kukata.

Kwa nini kuzaa kuiathiri sufu? Unyuzi wa sufu ni protini iitwayo keratini, yenye salfa nyingi, na mwili wa kondoo hauna akiba kubwa ya protini za namna hiyo. Mimba ya kondoo huchukua miezi mitano hivi, na sehemu kubwa ya uzito wa mwanakondoo huongezeka katika wiki sita za mwisho. Mara tu baada ya hapo maziwa huanza kudai zaidi ya yale yaliyodaiwa na mimba. Chakula kikiwa hakitoshi, mwili humpa kwanza mwanakondoo, na ngozi hupata mabaki. Unyuzi unaendelea kuota, lakini unakuwa mwembamba kwa wiki kadhaa kabla ya kurudia unene wake, na wembamba huo ndio unaokatika wakati wa kuchanwa. Mapacha huongeza dai hilo, ndiyo maana majike wanne wenye mapacha walikuwa na sufu dhaifu kuliko wote.

Katika kundi hili majike wajawazito walilishwa kiasi kile kile cha nyasi kavu walicholishwa kabla ya mimba, na nyasi zenyewe zilikuwa zimekatwa zikiwa zimekwisha kukomaa, mashina mengi na majani machache. Mfugaji alisema kwa unyoofu kwamba kondoo wake walionekana wanene. Hilo ni kweli na ndilo linalopotosha, kwa sababu sufu ya miezi saba huficha mifupa ya kondoo aliyekonda. Jike wa sufu hatathminiwi kwa macho. Hutiwa mkono juu ya kiuno, nyuma ya ubavu wa mwisho, vidole vikahisi kama ncha za mifupa ya uti wa mgongo ni kali au zimefunikwa na nyama. Katika kipimo kinachotumiwa na wengi, chenye daraja 1 hadi 5, anayekaribia kuzaa anapaswa kuwa karibu na 3. Inafaa kukumbuka pia kwamba kinga ya jike dhidi ya minyoo hushuka wakati wa kuzaa, kwa hiyo minyoo wanaonyonya damu tumboni huchukua sehemu ya chakula kilichokuwa tayari hakitoshi. Kukagua wekundu wa ndani ya ukope ili kutambua upungufu wa damu, njia iliyoendelezwa Afrika Kusini, kungewaonyesha wale waliohitaji dawa bila kumpa kila mmoja.

Hapa pana jambo la pembeni. Mfugaji alikuwa amependekezewa kuwapa kondoo madini ya ng'ombe ili sufu iwe imara. Upungufu wa shaba huweza kuiharibu sufu kweli, lakini dalili yake ni kupotea kwa mikunjo, nyuzi zikawa nyoofu na zenye kung'aa isivyo kawaida, na hakuna hata burungutu moja kati ya haya lililokuwa hivyo. Kondoo, kwa upande mwingine, hudhuriwa na shaba kwa urahisi kuliko ng'ombe, kwa sababu hujilimbikiza katika ini hadi kuua. Pendekezo hilo lilikataliwa moja kwa moja.

Kuboresha lishe ya wiki sita za mwisho na za miezi miwili ya kwanza ya kunyonyesha kulikuwa sehemu ya kwanza ya dawa, lakini si yote, kwa kuwa hata jike anayelishwa vizuri hupungukiwa kidogo na unene wa unyuzi wakati wa kuzaa. Sehemu ya pili ni tarehe ya kukata. Udhaifu ulioko katikati ya shungi ndio mbaya kuliko wowote, kwa sababu huacha vipande viwili vifupi visivyofaa kusokotwa. Udhaifu ule ule ukiangukia ncha haumdhuru msokotaji. Sentimita moja au mbili za ncha hung'oka wakati wa kuchana, na shungi refu hubaki. Ndiyo maana wafugaji wengi wa sufu hukata wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa. Kukata wakati huo kuna faida nyingine pia, kwani chuchu huwa wazi kwa mwanakondoo, na mama, akihisi baridi, hutafuta hifadhi badala ya kuzalia mahali pa wazi. Kuna na gharama yake: jike mzito hushikwa kwa uangalifu, hasukumwi wala kugeuzwa kwa nguvu, na kwa wiki chache baada ya kukatwa huhitaji banda kavu na chakula cha ziada cha kumpa joto.

Ugumu wa kisa hiki ulikuwa katika kuhama kutoka tarehe ya zamani kwenda mpya. Kuzaa kulikuwa kumeangukia miezi saba na nusu baada ya kukata. Kukata wiki sita kabla ya uzazi uliofuata kulimaanisha kukata sufu ya miezi sita tu, yenye shungi la sentimita 5 hivi, au kuiacha hadi miezi 18, ambapo shungi lingepita sentimita 15, sufu ikaanza kujisokota yenyewe juu ya mwili, na hatari ya inzi kutaga mayai katika manyoya machafu ikaongezeka. Njia ya tatu, kuchelewesha kuzaa kwa kumzuia dume, ilijadiliwa ikaachwa, kwa kuwa kondoo wengi wa sufu hupanda kwa msimu, kulingana na kupungua kwa mwanga wa mchana, na dume anayefunguliwa baadaye huenda akakuta majike hawako tayari. Mfugaji alichagua sufu fupi ya miezi sita, akijua kwamba haitauzwa kwa wasokotaji. Aliiuza kwa watu wanaotengeneza vitambaa vya sufu ya kugandamizwa na wanaojaza mito, kazi zisizohitaji shungi refu. Mwaka ule alipata kidogo, na kwa maoni yangu ndio uamuzi bora katika kisa chote, maana aliukubali upungufu mmoja unaojulikana badala ya kuurudia usiojulikana kila mwaka. Maksai waliachwa katika tarehe yao ya zamani. Wao hawazai, na hakukuwa na sababu ya kuikatiza sufu iliyokuwa nzuri.

Hori na takataka

Takataka katika sufu hizi hazikutoka malishoni. Zilikuwa vipande vya majani na mbegu za nyasi kavu, zimelala shingoni, mabegani na mgongoni, yaani mahali ambapo chakula huangukia kondoo anapovuta nyasi kutoka juu ya kichwa chake. Wale wachanga wawili walikuwa wachafu kuliko wote ingawa mashungi yao yalikuwa imara kabisa. Wakiwa wadogo kwa umbo, walikula wakiwa wamejipenyeza chini ya shingo za wakubwa, na kila kilichodondoka midomoni mwa wakubwa kiliwaangukia.

Takataka za namna hii ni mbaya kuliko udongo. Udongo na mafuta hutoka kwa maji ya moto na sabuni, ilhali kipande cha jani hubaki kimenaswa, na kinapochanwa huvunjika vipande vidogo zaidi vinavyoingia ndani ya uzi. Viwanda vikubwa vina njia ya kuviunguza kwa asidi. Msokotaji wa mkono ana vidole vyake tu. Nyumba ya kondoo pia ilikuwa imetandikwa maranda ya mbao, ambayo ni safi kwa macho lakini hunasa katika sufu ya tumbo na miguu bila kutoka tena.

Mabadiliko yaliyofanywa hapa ni ya useremala zaidi kuliko ya ufugaji. Hori lilishushwa hadi usawa wa kifua cha kondoo, likawekewa mbao za wima zinazomlazimu kuingiza kichwa na kula humo humo bila kurudisha nyasi nyuma, na wachanga wakapewa hori lao. Aliyekuwa akimimina nyasi juu ya migongo ya kondoo waliojazana aliagizwa kuwatoa kwanza. Maranda yaliondolewa, yakawekwa mabua marefu. Kuwavisha kondoo mashuka ya kitambaa, kama wafanyavyo wengine wanaouza sufu ya bei ya juu, kulipendekezwa kwa maksai peke yao, kwa sababu shuka hubadilishwa kila sufu inapokua, na likibana huigandamiza sufu na kuiharibu vibaya kuliko takataka zenyewe. Kwa majike 10 kazi hiyo ingekuwa kubwa kuliko faida yake.

Meza ya kukunjia

Maburungutu yote yalikuwa yamekunjwa na kufungwa kama yalivyotoka kwenye kondoo. Hakuna kilichoondolewa, hata manyoya ya tumbo, ya miguu, na yale ya chini ya mkia yenye samadi iliyokauka. Lalamiko la mkwaruzo lilipatiwa maelezo hapa. Unene wa nyuzi hautoshani katika mwili wa kondoo. Huwa laini zaidi mabegani, wa kati ubavuni, na mnene zaidi mapajani. Ngozi ya mwanadamu huanza kuhisi kuchomwa pale ambapo nyuzi zinazozidi mikroni 30 zinafikia karibu asilimia 5 ya zote. Sufu ya Corriedale yenye wastani wa mikroni 27 au 28 imekwisha kuuvuka mpaka huo, na manyoya ya mapajani yakichanganywa nayo huuzidisha mkwaruzo. Msokotaji aliyeshika kipande cha paja alisema kweli kwamba kinakwaruza, na mfugaji alikosea kudhani kwamba amelisema kundi lote.

Burungutu linapaswa kutandazwa mezani upande uliokatwa ukiwa chini, juu ya wavu au mbao zilizoachana ili vipande vifupi vianguke, kisha kuzungushwa kingo zote na kuondoa kila kilicho kichafu, kifupi, cha manjano au kinene. Katika maburungutu haya, lile lenye kilo 3 na nusu lilibaki na kilo 2.6 baada ya kuondolewa kingo, na baada ya kuoshwa likabaki na kilo 1.6 hivi, kwa kuwa mafuta, jasho lililokauka na udongo huchukua sehemu kubwa ya uzito wa sufu mbichi. Muuzaji anayepima kilo 3 na nusu humwuzia mteja karibu kilo nzima ya samadi na tumbo kwa bei ya sufu. Mteja hulijua hilo mara moja, hata kama hasemi, na hupunguza bei atakayokubali mwaka unaofuata kwa kilo zote, chafu na safi.

Mkata sufu naye alikuwa amepitisha mkasi mara mbili mahali pengi, akiacha vipande vya sentimita moja vinavyogeuka vifundo katika uzi. Aliambiwa kwamba alama ya sufu iliyobaki juu ya kondoo ni afadhali kuliko vifundo, na kwamba aanze na weupe kabla ya wenye rangi.

Kuhusu hifadhi, maburungutu yalikuwa yametiwa katika viroba vya plastiki iliyofumwa na kuwekwa chumba chenye unyevu. Sufu iliyofungwa ikiwa na unyevu hugeuka manjano isiyotoka kwa kuoshwa, na nyuzi nyeupe za viroba hivyo, zinazojichambua kila vinapokatwa, hazionekani katika sufu nyeupe hadi uzi utakapotiwa rangi, ambapo zenyewe hukataa rangi na kubaki weupe. Kamba za plastiki za kufungia nyasi huleta balaa hiyo hiyo. Sasa hutumika mifuko ya karatasi au ya pamba, na kondoo hakatwi akiwa na maji mwilini.

Dume wa Merino na uuzaji uliofuata

Baada ya haya yote mfugaji bado aliuliza kama dume wa Merino asingesaidia kidogo. Angesaidia unene wa unyuzi, hilo halina ubishi. Lakini kati ya siku ya kumfungulia dume na siku ya kukata sufu ya kwanza ya uzao wake hupita karibu mwaka mmoja na nusu, na kundi zima halibadiliki hadi vizazi kadhaa vipite. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba sufu laini husamehe kidogo kuliko ya kati: ina mafuta mengi zaidi, takataka hunasa kwa nguvu zaidi katika mikunjo yake myembamba, na unyuzi uliopungua unene kwa njaa huwa umeanza na unene mdogo. Majike wale wale, hori lile lile na tarehe ile ile vingezalisha sufu mbovu ya Merino mahali pa sufu mbovu ya Corriedale.

Suala la sampuli lilihitaji kusemwa waziwazi. Kabla ya mauzo mfugaji aliwaonyesha wasokotaji shungi moja zuri kutoka kwa maksai, nao wakaagiza maburungutu yote wakidhani yanafanana nalo. Hakukusudia kudanganya, lakini matokeo kwa mnunuzi ni yale yale. Katika mauzo yaliyofuata kila burungutu lilipata sampuli zake tatu, ya bega, ya ubavu na ya paja, pamoja na karatasi yenye uzito baada ya kuondolewa kingo, urefu wa shungi, rangi, tarehe ya kukatwa na matokeo ya kuvutwa. Maburungutu yaligawanywa katika mafungu matatu yenye bei tatu: yale ya kusokota, yale imara lakini yenye takataka ambayo mnunuzi mvumilivu anaweza kuyasafisha, na kingo pamoja na sufu dhaifu kwa ajili ya kujazia mito. Tumbo na samadi hazikuuzwa. Zilitandazwa shambani kuzunguka mashina ya miti, ambako sufu hushika maji na kuoza polepole.

Sufu ya kwanza ya miezi 12 chini ya tarehe mpya ilikuwa imara kwa majike wote isipokuwa wawili, wote wenye mapacha, ambao udhaifu wao ulikuwa umehamia karibu na ncha kama ilivyotarajiwa. Wasokotaji wale wale waliinunua, wakachukua na fungu la pili kwa bei yake. Shingo za majike watatu bado zilikuwa na mbegu za nyasi, na zitaendelea kuwa nazo mpaka mbao za hori zitakapokaribiana zaidi.

Limebaki jambo moja ambalo halirekebishiki kwa useremala. Vishina vya ngozi vinavyootesha nyuzi laini na nyingi za kondoo hujengwa kuanzia takriban siku ya 90 ya mimba hadi majuma machache baada ya kuzaliwa, na mwanakondoo ambaye mama yake alishinda njaa wakati huo hubaki na vishina vichache maisha yake yote, hata akilishwa vizuri baadaye. Wanakondoo waliozaliwa mwaka wa sufu iliyorudishwa wamo katika hali hiyo. Sufu yao ya kwanza ilikuwa nyepesi na nene kidogo kuliko ya maksai, na mfugaji aliitaja kuwa ushahidi mpya dhidi ya dume wake. Haifai kuhesabiwa hivyo. Dume atapimwa kwa sufu ya wanakondoo waliobebwa na majike walioshiba, nao watakatwa kwa mara ya kwanza mwaka ujao. Hadi wakati huo fedha ya Merino imetumika kununulia nyasi zilizokatwa mapema, zikiwa bado na majani.